Sura ya Nne: Chai ya Marehemu Khemais

"Ndiyo hii?" aliuliza Inspekta Olfa Jlassi.

"Ndiyo hii," alijibu Wajdi, fundi wa kompyuta wa manispaa ya Bir Ghazala, huku akilipigapiga kabati jeusi la chuma kama mtu anayemtuliza farasi. "Zamani kila idara ilikuwa na seva yake na kila meza ilikuwa na kompyuta yake. Sasa vyote vimo humu. Kule juu mezani utakuta skrini na kisanduku kidogo tu. Kompyuta yenyewe ni kompyuta pepe. Inaishi humu ndani."

Chumba kilikuwa chini ya ngazi za manispaa. Kabla ya seva kufika, walikuwa wakihifadhi humo viti vya sherehe na bendera. Sasa mlikuwa na baridi kali na mngurumo usiokatika, na Wajdi alikuwa amevaa koti zito ingawa nje mlozi ulikuwa umeshachanua.

"Nina mpaka saa sita mchana," alisema Olfa. "Saa sita karani wenu Naziha anafikishwa kwa mwendesha mashtaka. Nionyeshe tena."

Wajdi alifungua kompyuta yake ya mkononi, akashuka na kumbukumbu za seva mpaka Jumatatu moja ya mwezi wa pili. Saa tatu na robo asubuhi kifo cha Khemais Ouerghi, mkulima wa mizeituni, mjane asiye na mtoto, kilikuwa kimeandikishwa. Mwandikishaji alikuwa Naziha Ferchichi. Cheti cha daktari kilichoambatishwa kilitoka kwenye zahanati ambayo Olfa alikuwa ameitafuta kwa siku mbili bila kuipata, kwa sababu haikuwahi kujengwa.

Kwa mstari huo mmoja, Hatem, mtoto wa kaka yake Khemais, alirithi shamba na kuliuza. Khemais mwenyewe aligundua kwamba amekufa siku alipokwenda posta kuchukua pensheni. Hatem alipohojiwa alifungua mikono na kusema, "Manispaa ikisema ami yangu amekufa, mimi ni nani wa kubishana na serikali?"

"Wewe una ufunguo wa kompyuta zote hizi," Olfa alimwambia Wajdi.

"Ninao. Na kila nikiutumia, ninaandikwa. Halafu wiki ile nilikuwa Tunis kwenye mafunzo ya mashine hizihizi. Picha ya darasa ninayo. Nimefumba macho."

Olfa alijua. Alikuwa ameshampigia mkufunzi simu, na mkufunzi alikuwa ameanza kwa kuulizia koti lake alilomwazima Wajdi.

"Basi niambie kifo kiliandikwa kwenye meza ipi."

"Haijulikani. Seva inajua jina, haijui kiti."

"Kwenye meza lazima kuna kitu kimebaki. Faili, alama, chochote."

Wajdi alitikisa kichwa. "Kila jioni kompyuta pepe zote zinafutwa. Asubuhi zinazaliwa upya kutoka kwenye kielelezo kimoja. Ndiyo faida yake, Inspekta. Hazishiki virusi, hazishiki uchafu."

"Hazishiki na ushahidi."

Wajdi alijifunga koti vizuri.

Olfa alichukua kompyuta kutoka mikononi mwake na kuanza kupandisha kumbukumbu mwenyewe, wiki baada ya wiki. Vizazi, ndoa, vifo, nakala za vyeti. Alipofika mwezi wa kumi na moja alisimama.

"Madirisha ya vyeti ni mangapi?"

"Matatu. Naziha, Basma na Anouar."

"Mbona kuanzia hapa kushuka kuna jina moja tu? Dakika ileile ameandika mtoto aliyezaliwa, ametoa cheti cha ndoa na amesahihisha jina la mtu. Naziha ana mikono sita?"

Wajdi aliinama akatazama.

"Hilo," alisema hatimaye, "itabidi umuulize yeye."

*

Naziha Ferchichi alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri basi. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye skafu ya kijani na viatu vya kutembelea shambani. Olfa aliingia na mkate uliojazwa jodari na pilipili ya harisa, akamkabidhi kabla ya kufungua kalamu.

"Mwenye njaa si mimi," alisema Naziha. "Yule kijana wa lango hajala tangu asubuhi. Nimemsikia tumbo."

"Kula kwanza wewe, mama. Halafu niambie kwa nini kazi ya watu watatu iko kwa jina lako."

Naziha aliukata mkate katikati, akaifunga nusu moja ndani ya karatasi.

"Ni kwa sababu ya saa mbili," alisema. "Saa mbili manispaa nzima inafungua kwa pamoja. Ujenzi, masoko, sisi, mpaka ofisi ya meya. Mashine inakosa pumzi. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, na foleni imeshafika barabarani. Wazee wamesimama. Mimi natoka mashambani, basi langu linafika mapema. Basi nikifika nafungua zote tatu, moja baada ya nyingine, taratibu, mashine haijachoka. Wenzangu wakija wanakaa, wanaanza."

"Kwa jina lako."

"Ningefungua kwa jina la nani? Nenosiri la mtu ni kama mswaki wake, afande. Siombi la mtu."

"Na wao hawakujifungulia upya?"

"Wafungue tena wakati imeshafunguka? Ungekuwa wewe ungefanya hivyo, na watu wanakugongea kioo?"

"Mliambiwa ni kosa."

"Tulitia saini karatasi. Siku ile zilipoletwa mashine tulitia saini karatasi nyingi, na baadaye kulikuwa na keki."

Olfa aliandika. Kisha akauliza polepole, "Jumatatu ile, saa tatu na robo, wewe ulikuwa umeketi dirisha gani?"

Naziha alitafuna akifikiri. "Jumatatu gani hiyo? Ami Khemais alikuja?"

"Alikuja. Ameshanieleza. Na kwenye seva ipo nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, imetolewa muda mfupi kabla ya hicho kifo."

"Basi sikuwa dirishani. Alikuja kwa dirisha la tatu, la Anouar, akapewa nakala yake, na alipogeuka kuondoka miguu ikalegea. Alikuwa hajatia kitu tumboni. Nilimshika mkono nikamvusha barabara mpaka mkahawani, nikamwagizia chai yenye sukari nyingi. Nilikaa naye mpaka rangi ikamrudia usoni."

Kalamu ya Olfa ilisimama.

"Ulikuwa unamnywesha chai Khemais."

"Ndiyo."

"Wakati jina lako linaandika kifo chake."

Naziha alicheka. Kicheko kilimtoka chote, mpaka akaweka mkono kifuani. Kisha alitazama mlango wa chuma.

"Mbona hili hukunieleza jana?" aliuliza Olfa.

"Jana uliniuliza kama ni jina langu. Ni jina langu."

*

Olfa alipanda kwenda manispaa kwa miguu. Foleni ya vyeti ilikuwa imetoka mlangoni na kuzunguka chemchemi kavu ya uwanja. Ndani, kwenye skrini mbili kati ya tatu, kiduara kilikuwa kinazunguka.

Basma, msichana mwembamba wa dirisha la pili, alimfuata Olfa mwenyewe mpaka kwenye chumba cha mihuri na kufunga mlango.

"Najua unachotaka kuniuliza, dada. Usiniulize."

"Ulikuwa unafanya kazi kwa jina la Naziha?"

Basma alitazama sakafu. "Mume wangu hana kazi tangu kiwanda kifungwe. Nikisema ndiyo, nafukuzwa leo, kesho nashtakiwa. Karatasi ile nilisaini."

"Usiposema, anafungwa yeye."

"Najua."

"Ulimwona akitoka na mzee?"

"Nilikuwa nimeinama. Kulikuwa na watu wengi." Alijifuta pua kwa kiganja. "Mwambie nitampelekea chakula."

"Tangu juzi yuko mahabusu, Basma. Umeshampelekea?"

Basma alifungua mlango na kurudi dirishani kwake.

Anouar hakuhitaji kufuatwa. Alikuwa mwanamume nadhifu wa miaka thelathini na kitu, mwenye saa kubwa mkononi na tabasamu lililokuwa tayari kabla ya mtu kufika.

"Karibu, Inspekta. Umekuja kuchukua cheti cha ndoa hatimaye? Siku hizi ni dakika mbili tu. Kinachokosekana ni bwana harusi."

Watu wawili kwenye foleni walicheka.

"Nataka kujua Jumatatu ile uliandika nini," alisema Olfa.

"Tazama kwenye seva. Seva haisemi uongo, ndiyo maana serikali ikainunua."

"Hatem Ouerghi unamfahamu?"

"Bir Ghazala nzima inamfahamu. Tunacheza karata. Ananidanganya, namdanganya."

"Kwa miezi minne hakuna kazi hata moja kwa jina lako."

Tabasamu halikusogea. "Bi Naziha alikuwa na uchu wa kazi. Sisi alikuwa anatutuma kama watoto. Lete hiki, bandika kile, mwite yule. Kuandika alikuwa anaandika mwenyewe."

"Kwenye mashine tatu kwa dakika moja?"

"Ana mbio. Muulize." Aliegemea mbele na kupunguza sauti. "Kama mtu alikaa kwenye jina lake, Inspekta, nionyeshe aliyekaa. Nionyeshe kiti. Hapo nitakuvulia kofia."

Olfa alitazama kiti. Kilikuwa kiti cha buluu, sawa na vingine vyote.

Ng'ambo ya barabara, mhudumu wa mkahawa aliwakumbuka mara moja. Mama wa skafu ya kijani, mzee mwenye kofia nyekundu ya sufu. Mzee alikuwa ametia sukari mpaka kijiko kikasimama, na mama alikuwa anamhimiza aongeze.

"Ilikuwa siku gani?" aliuliza Olfa.

"Siku ya jua."

"Tarehe?"

"Afande, mimi kila siku ni chai na kahawa. Nikianza kushika tarehe nitamwaga."

"Jumatatu? Jumanne?"

"Ungesema Jumatatu ningesema ndiyo. Ungesema Alhamisi, hivyohivyo. Sitaki kukudanganya."

Alikuwa mtu mwaminifu, na Olfa alimshukuru.

*

Alikuwa amebaki mtu mmoja tu aliyeijua siku ile bila shaka yoyote. Olfa alimkuta Khemais Ouerghi mlangoni mwa kituo cha polisi, kofia nyekundu mkononi, amekuja mwenyewe baada ya kusikia sokoni.

"Wanasema Naziha ndiye aliyeniua," alisema. "Yule? Yule hawezi kumkatisha kuku maneno."

"Uko tayari kuandikisha ushahidi, ami?"

"Niko tayari kuapa. Chai ilikuwa moto hata nikaungua ulimi. Anouar alichukua namba yangu ya kitambulisho, akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia Mungu hakunijalia. Akasema, pole sana. Nikageuka, nikaona giza. Naziha akanishika."

Olfa alimketisha mbele ya meza yake. Tangu mwaka jana mashine za polisi zilikuwa zimeunganishwa na daftari la vizazi na vifo, ili afisa akiandika namba ya mtu, jina na makazi vijae vyenyewe. Aliandika namba ya Khemais. Vijisanduku vilijaa: jina, baba, mama, mwaka wa kuzaliwa. Kisha vikawa vya kijivu vyote kwa pamoja, na maneno mekundu yakatokea katikati.

Mhusika ni marehemu. Maelezo hayawezi kupokelewa.

Chini yake kulikuwa na kitufe kimoja, cha kurudi nyuma.

"Inasemaje?" aliuliza Khemais, akinyoosha shingo.

"Inasema tusubiri kidogo, ami."

Alirudi nyuma na kujaribu tena. Alijaribu kumwandika kama mgeni asiye na kitambulisho. Mashine ilitaka pasipoti. Aliwapigia wasimamizi wa mfumo huko Tunis, na sauti ya kijana mpole ilimweleza kwamba hali ya kifo hubadilishwa na manispaa iliyoiandika, na manispaa hubadilisha kwa amri ya mahakama. Ndipo Olfa alipochukua karatasi na kuandika kwa mkono. Khemais alisoma mstari kwa mstari, akasahihisha jina la mtaa, akatia saini.

Mwendesha mashtaka, Bwana Toufik, au Si Toufik kama wenyeji walivyomwita, aliisoma karatasi hiyo pamoja na maelezo ya Olfa akiwa amesimama. Alikuwa mtu mzima mwenye macho ya kuchoka, na Olfa hakuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Mikono sita. Sikuwa nimeliona hilo."

"Basi mwachie, mheshimiwa. Shahidi yuko nje. Mwite umwone."

"Nimeshamwona. Amenisalimia, ameniulizia na hali ya mgongo."

"Basi?"

"Kumwona kwa macho ni jambo moja, Olfa. Kwenye jalada ni mtu asiyekuwepo. Nikiupokea ushahidi wa marehemu, wakili wa Hatem ataibomoa kesi nzima kabla sijaketi, na Anouar wako ataondoka akipiga mluzi. Mrudishe kwanza kwenye uhai."

"Nimrudishe vipi?"

"Afungue shauri la kusahihisha, mahakama ya wilaya."

"Nao watachukua muda gani?"

Si Toufik alivua miwani. "Watasubiri kesi hii iishe. Wanahitaji kujua kwanza kama kifo kilighushiwa."

"Na kesi hii inamsubiri yeye."

"Ndiyo."

Nje mtu alikuwa akikokota viti.

"Mkahawa?"

"Anaikumbuka chai. Haikumbuki siku."

"Wenzake?"

Olfa alitikisa kichwa.

"Sikuutengeneza mimi huu mfumo," alisema Si Toufik, na akatia saini hati ya kumpeleka Naziha rumande.

Walimpitisha koridoni akiwa kati ya askari wawili. Khemais alisimama kutoka kwenye benchi na kuvua kofia. Naziha alisimama pia, na askari nao, kwa kuwa hakukuwa na jinsi ya kumpita.

"Umekula leo, ami?" aliuliza.

"Nimekula."

"Muongo."

Alitoa kwenye mkoba nusu ya mkate iliyofungwa kwenye karatasi, akamwekea kiganjani. Kisha akamgeukia Olfa.

"Kesho saa mbili nani atazifungua?" aliuliza. "Mwambieni Basma aanze na mashine ya dirisha la tatu, ndiyo nzito. Na kila mtu afungue kwa jina lake. Wasije wakapata matatizo."

*

Ili kufungua shauri la kusahihisha, mahakama ilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mlalamikaji: nakala ya cheti chake cha kifo.

Asubuhi iliyofuata Olfa alisimama na Khemais kwenye foleni. Foleni ilikuwa imelipita duka la mkate. Kila mfanyakazi sasa alikuwa anajifungulia mwenyewe, kwa jina lake, saa mbili kamili, na mashine ilikuwa imekosa pumzi. Wanawake waliketi kwenye ukingo wa chemchemi. Mtu mmoja alikuwa anauliza kwa sauti aliko yule mama wa dirisha la kwanza, maana zamani mambo yalikuwa yanakwenda. Basma, nyuma ya kioo, alikuwa ameinama.

Dirisha la tatu ndilo lililowaita.

"Ndiyo, ami," alisema Anouar. Hakumtazama Olfa. "Nikusaidie nini?"

"Nataka nakala ya cheti cha kifo."

"Cha nani?"

"Cha Khemais Ouerghi."

Vidole vya Anouar vilisita kidogo sana juu ya herufi. Kisha vikaandika. Skrini ilikubali bila taabu yoyote, mashine ya kuchapa ikatoa karatasi, muhuri ukashuka. Olfa aliichukua kabla ya mzee, akaipeleka kwenye mwanga. Juu palisomeka: kifo kimeandikishwa na Naziha Ferchichi. Chini kabisa, mahali pa mtoaji, palikuwa na jina la Anouar, jina lake mwenyewe kamili, tarehe na saa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hakuna aliyekosea.

"Siku hizi tunafuata utaratibu, Inspekta," alisema Anouar.

Olfa alimpa Khemais karatasi yake. Mzee aliikunja mara mbili, kwa uangalifu, na kuitia ndani ya kofia.

Anouar aliinamisha kichwa kwa heshima, kama alivyofundishwa kuwafanyia wote wanaokuja kuchukua vyeti vya aina ile.

"Pole kwa msiba, ami," alisema.

Na Khemais, aliyelelewa vizuri, alijibu kabla hajafikiri.

"Tushapoa, mwanangu."